Karatasi Nayo ni Kipuri

Mwenyekiti, wakufunzi, na ninyi mafundi mnaosubiri barua za ajira serikalini, habari za asubuhi.

Wenyeji wangu walitegemea nije na pistoni iliyotoboka, kama wageni wengi wanaokuja kuzungumzia mitambo mizito. Mimi nimekuja na hiki kitabu changu cha kuandikia kazi za karakana. Kimelowa oili, jalada limeng'oka, na mwandiko wangu wa miaka ile ni aibu tupu. Lakini kimefufua mashine nyingi kuliko spana yoyote niliyowahi kushika.

Kwa mkandarasi binafsi, buldoza likigoma asubuhi, mwenye mali anajua kabla ya saa sita mchana, na pesa ya kipuri inatoka mfukoni mwake. Serikalini mwenye mali ni mwananchi, naye hana habari kwamba greda lake limesimama. Anachokijua ni kwamba barabara haijachongwa. Kati yake na greda hilo upo wewe, mkuu wako wa karakana, mtunza stoo, ofisa manunuzi, mhasibu na mkaguzi. Wengi wao greda lenyewe hawataliona hata siku moja. Wataona ulichoandika.

Acha niwasimulie kosa langu. Tulikuwa na ekskaveta ya kuchimba mitaro. Opereta akaja kulalamika: mkono unapanda polepole, na pampu inalia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Nikasikiliza, nikatikisa kichwa kama daktari bingwa, nikaandika: "Pampu ya haidroliki mbovu, ibadilishwe." Sikufunga geji ya presha. Sikufungua tangi. Maombi yakapanda ngazi, zabuni ikatangazwa, mwaka wa fedha ukaishia katikati, tukaanza upya. Pampu ilifika baada ya miezi tisa. Siku ya kuifunga tukamwaga oili, nikaingiza mkono tangini ili nisafishe, nikatoka na kitambaa. Kitambaa cha kufutia mikono, kilikuwa kimejibandika kwenye chujio la mdomo wa kunyonyea.

Zile kokoto zilikuwa sauti ya pampu yenye kiu. Inavuta, oili haiji ya kutosha, mapovu yanajitengeneza kisha yanapasukia ndani na kuchubua chuma. Kazi ya nusu saa ilichukua miezi tisa. Na kitambaa nani alikisahau? Sisi wenyewe, tulipobadilisha oili. (Cheka tu, kijana, zamu yako itafika.)

Tangu siku ile siandiki jina la kipuri kabla ya kuandika nilichokipima. Mashine ina saa ngapi kwenye mita. Opereta anasema nini, kwa maneno yake. Presha imesoma ngapi ikiwa baridi, ngapi ikiwa imepata moto. Nimefungua nini, nimekuta nini. Kisha namba ya kipuri, pamoja na namba ya mfululizo ya mashine. Hii ya mwisho wengi huiruka kwa kuwa wanaona modeli inatosha. Haitoshi. Modeli ileile hubadilishwa vipuri kiwandani bila kubadilishwa jina, na sili, ile pete ya kuzuia oili isivuje, ikipishana milimita mbili si sili tena. Fundi wa mtaani atairudisha dukani jioni ileile. Yako imepita kwenye zabuni, imepokelewa, imelipiwa. Itakaa rafuni mpaka ustaafu.

Kwa sababu manunuzi yetu ni ya polepole, fundi wa serikali analazimika kuuona ugonjwa mapema kuliko mwenzake. Mitambo hii haihesabu kilomita, inahesabu saa. Kila saa 250 ina huduma yake, ya 500 ina yake, kisha 1,000 na 2,000, kadiri kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Mashine inayounguruma bila kazi nayo inakula saa. Mita ya saa ikifa, itengenezeni siku hiyohiyo, kwa sababu kuna watu watakaofurahi kwamba imekufa. Bila mita, nani atajua dizeli imekwenda wapi? Mtaletewa karatasi za dizeli msaini. Hilo nawaachia ninyi na dhamiri zenu.

Pelekeni sampuli za oili maabara kama zipo. Silikoni ikipanda ndani ya oili, vumbi linaingia: kabla ya kulaumu injini, fuata hozi ya hewa kutoka kwenye filta mpaka kwenye taabo (turbo, inayoisukumia injini hewa), utakuta klipu imelegea. Sodiamu ikipanda, shuku maji ya rejeta. Shaba ikipanda, kuna bushi au beringi inayosagika. Kwa mashine inayotembea kwa cheni badala ya matairi, pimeni roli zinazobeba uzito juu ya cheni, pini zinazounga cheni, na sproketi, gurudumu la meno linaloivuta, kila mara, andikeni, chorea mstari wa jinsi zinavyolika. Gharama za sehemu ya chini ya buldoza, yaani cheni na vinavyoiendesha, zinaweza kufika nusu ya gharama zote za matengenezo yake. Mtu aliyepima anaweza kusema mwezi gani cheni zitakwisha, akaziingiza kwenye bajeti ya mwaka ujao. Asiyepima anakwenda kuomba fedha za dharura, na dharura zipo nyingi kuliko fedha. Halafu msikaze cheni kupita kiasi. Cheni iliyokazwa kama uzi wa gitaa inajila yenyewe, na tope likikaukia humo ndiyo kabisa.

Kuna jambo karakana zetu zote zinalijua na hakuna anayelisema mbele ya mkaguzi: kuchinja mashine. Greda moja linasubiri kipuri, la pili linaharibika, tunaazima nozeli za kupulizia dizeli za lile la kwanza. Wiki ya pili tunaazima stata. Mwezi wa sita kipuri cha lile la kwanza kinafika, nalo limebaki fremu na kiti. Siwaambii msichinje, maana barabara ikikatika mvua ikinyesha, utachinja tu. Ila andika: nini kimetoka wapi, kimekwenda wapi, tarehe, nani ameagiza. Na agiza kingine siku hiyohiyo. Mashine ikichinjwa bila maandishi, mwisho wake ni mnada, na wanunuzi wa mnada huwa wanajua thamani yake kuliko sisi.

Dakika chache za usalama, nisije nikalaumiwa. Oili ya haidroliki inafanya kazi kwenye presha ya bar 200 hadi 350. Tairi la gari dogo lina kama bar mbili. Hozi ikitoboka tundu la sindano, usipapase kwa kidole. Tumia kipande cha kadibodi au mbao. Oili hiyo inapenya ngozi, inaacha kitone kidogo kisichouma sana, mtu anafunga plasta anaendelea na kazi. Kufika usiku mkono umevimba. Huyo apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi ni oili iliyoingia kwa presha, kwa sababu inahitaji upasuaji wa haraka, na akichelewa anapoteza kidole au mkono. Kabla ya kulegeza chochote: shusha bakuli la ekskaveta au kisu cha greda chini, zima injini, chezesha wenzo ili presha iishe, weka kabari.

Muda wangu umekwisha. Nje kuna greda, nimechungulia kadi yake nilipokuwa naingia. Imeandikwa neno moja: "Halivuti." Halivuti likiwa baridi au likishapata moto? Kwenye kilima tu au hata tambarare? Moshi wake mweusi, mweupe, au wa bluu? Opereta wake yuko wapi? Spana ziacheni hapa, chukueni kalamu, tukamtafute.