Jinsi ya Kutumia Takwimu za Mvua Kupanga Maji ya Ziwa Kenyatta, Lamu

Ndugu mtazamaji, karibu. Katika video hii tutachukua takwimu za mvua zinazotolewa bure kwenye intaneti na kuzitumia kupanga maji ya Ziwa Kenyatta, hapa Mpeketoni, Lamu Magharibi. Ziwa hili ni la maji matamu, linategemewa na watu na mifugo, na ndilo makao ya viboko. Maji yanapopungua, kiboko na mfugaji hukutana kwenye tope lile lile, na hapo ndipo watu huumizwa na wanyama huuawa. Mpango unaoandaliwa baada ya ziwa kunywea umekwisha chelewa. Tunachotafuta ni dalili ya mapema, na dalili hiyo imo katika masika.

Kwanza, fungua tovuti ya mradi wa POWER wa NASA, shirika la Marekani la anga za juu. Chagua data ya kila siku, kisha andika latitudo -2.4 na longitudo 40.7. Tafadhali hakikisha alama ya kutoa ipo, kwa maana sisi tuko kusini mwa ikweta, na ukiiacha utapewa mvua ya nyika ya kaskazini-mashariki, upande wa Elwak. Weka tarehe kuanzia Januari 1, 1981 hadi Desemba 31 ya mwaka uliopita, chagua kipimo cha mvua kiitwacho PRECTOTCORR, kisha pakua faili la CSV.

Hatua ya pili ni kusafisha faili, na hapa naomba tusiharakishe. Lifungue katika programu ya majedwali, ufute maelezo ya juu hadi kwenye mstari wenye majina ya safu. Sasa tafuta tarakimu -999. Hicho si kipimo cha mvua. Ni alama kwamba siku hiyo haina takwimu. Ukiiacha ndani ya hesabu, siku moja tu itakunyang'anya karibu mita nzima ya mvua, na mwezi wa Mei uliokuwa na neema utaonekana mkavu kuliko jangwa. Acha kisanduku hicho kikiwa kitupu, wala usiweke sifuri, kwa sababu sifuri maana yake ni kwamba siku hiyo mvua haikunyesha.

Tatu, jumlisha mvua ya Aprili hadi Julai kwa kila mwaka, ukikumbuka kwamba huku kwetu kilele cha masika huwa Mei, kusi ikiwa imeshika. Tafuta wastani wa miaka 1991 hadi 2020, kisha gawanya jumla ya kila mwaka kwa wastani huo na uzidishe kwa 100. Fanya vivyo hivyo kwa vuli, yaani Oktoba hadi Desemba. Vuli za 2019 na 2023 zilikuwa na mvua kubwa na mafuriko, kwa hiyo jedwali lako likizionyesha kuwa kavu, rudi ukague hesabu.

Nne, usiiamini kompyuta peke yake. Kipande kimoja cha takwimu hizi za mvua kina upana wa zaidi ya kilomita 50, nacho hakiwezi kutofautisha Mpeketoni na vijiji vya jirani. Linganisha na CHIRPS, takwimu nyingine za mvua zitokanazo na setilaiti na vipimamvua, ambazo vipande vyake ni vya kilomita 5 hivi, na pia na kipimamvua cha shule au cha Idara ya Hali ya Hewa. Halafu lichapishe jedwali, ulipeleke barazani, na uwaombe wazee, wavuvi na wafugaji waonyeshe miaka ambayo ziwa lilirudi nyuma. Miaka hiyo iwekee alama nyekundu. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa setilaiti haijui maji yalifika wapi, lakini mvuvi anaujua mti alioufungia mtumbwi.

Tano, kubalianeni kiwango. Tuseme masika yakipita chini ya asilimia 75 ya wastani, kikao cha wafugaji, watumiaji wa maji na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kiitishwe mwezi wa Agosti, kabla joto la kaskazi halijaanza. Kikao hicho kipange njia za kunyweshea ng'ombe mbali na wanakolala viboko, saa za kuteka maji, na ukarabati wa visima. Alama nyekundu zikionyesha kwamba ziwa hunywea hata kwenye asilimia 85, basi fuateni hiyo 85.

Mwisho, jedwali la mvua lisambazwe kwa kila mtu, lakini ramani ya mahali wanyama wanapojificha ibaki kwa askari wa wanyamapori, kwa sababu majangili nao wamo katika makundi ya simu. Kila mwisho wa mwezi pakua takwimu upya kuanzia mwanzo wa mwaka, maana za miezi ya karibuni huweza kusahihishwa baadaye, na uandike tarehe ya kupakua kwenye jina la faili.