Mpokeaji wa Tatu Huchaguliwa na Mpinzani

Wazee wangu, shikamooni. Kina dada na kina kaka, hamjambo. Nimeombwa nizungumze kuhusu futiboli ya Kimarekani, na walionialika wakanitahadharisha nisianze na historia ya mchezo tangu enzi za mababu, maana watu wametoka kazini na harufu ya pilau inawafikia hapa mlipoketi. Basi nimechagua jambo moja dogo: ushindani wa kugombea nafasi ya mpokeaji wa pembeni wa tatu, yaani mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kukimbia na kudaka mpira unaorushwa. Nimelichagua kwa sababu wengi wenu mna vijana wanaocheza mchezo huu katika shule za hapa New Jersey, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwanangu anadaka vizuri, mbio anazo, mbona kocha anasema ni wa tatu, na wiki ya pili anasema ni wa nne?"

Kwa wale ambao mpira wao ni wa Simba na Yanga, nitasema machache. Mchezo huu unakwenda kwa mikupuo, yaani vipande vifupi vinavyosimama na kuanza tena. Timu yenye mpira inapewa mikupuo minne kusogea yadi 10, yaani kama mita 9 hivi. Kila mkupuo, mpira unamfikia kwotabeki, ambaye ndiye mrushaji. Watu watano wa mbele wanamkinga, na kwa kawaida hao hawaruhusiwi kudaka. Wanabaki watano wanaoruhusiwa, na kocha ndiye anayeamua wawe watu wa aina gani. Siku hizi mpangilio uliozoeleka ni mkimbizaji mmoja, taiti endi mmoja, jitu la miraba minne linalokinga na kudaka vilevile, halafu wapokeaji wa pembeni watatu. Katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mpangilio huo umekuwa ukitumika zaidi ya nusu ya mikupuo yote kwa miaka mingi sasa. Kwa hiyo mtu wa tatu hata akionekana kwenye karatasi kama wa akiba, uwanjani anakaa muda mrefu kuliko baadhi ya walioandikwa kikosi cha kwanza.

Mara nyingi wa tatu anasimama ndani, kati ya mpokeaji wa nje na mstari wa watu wazito. Wenyewe wanapaita sloti. Akiwa pale anaweza kukata kushoto au kulia, jambo ambalo mwenzake aliyebanwa na mstari wa pembeni hana. Ubaya wake ni kwamba pale katikati ndipo wanapopita watu wa kilo mia na zaidi wanaokuja kwa kasi, na macho yake yeye yako kwenye mpira.

Kuna jambo watazamaji wengi hawalioni. Njia nyingi za mchezaji wa sloti hazijaamuliwa mpaka mwisho. Anaanza kukimbia, anamtazama mlinzi, kisha anaamua: mlinzi akikaa nje, nakata ndani, akirudi nyuma, nasimama. Kwotabeki naye anamtazama mlinzi yuleyule na anarusha mpira kabla mpokeaji hajageuka. Ni kama watu wawili wanaopandisha kabati ngazini: hakuna nafasi ya kuulizana, mmoja akigeuka kona na mwenzake asigeuke, kabati linaangukia vidole vya mtu. Mpira wa namna hiyo ukidakwa na adui, magazeti ya kesho yake yanamlaumu kwotabeki, lakini kocha anajua nani hakugeuka. Kijana anaweza kuwa na mikono ya sumaku na bado kwotabeki asimtazame.

Sasa tuingie kambini. Timu ya NFL inafungua kambi mwishoni mwa Julai ikiwa na watu 90. Mwishoni mwa Agosti wanabaki 53. Katika hao 53, wapokeaji wa pembeni ni watano, wakizidi sana sita. Siku ya mechi wanaoruhusiwa kuvaa ni 48, na enzi za kisa nitakachowasimulia walikuwa 46. Wapokeaji wawili wa kwanza hawagusi shughuli za mateke, yaani pale mpira unapopigwa teke kwenda kwa timu nyingine nayo ikaurudisha mbioni. Ni mali ghali, hakuna kocha anayetaka wavunjike wakikimbiza teke. Lakini wa nne na wa tano lazima wafanye kazi hiyo, ama kurudisha mateke ama kuwakimbiza wanaoyarudisha, la sivyo hakuna sababu ya kuwavalisha jezi. Ndiyo maana vita ya nafasi ya tatu ni kali kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Aliyeikosa, na mateke hayawezi, hashuki kuwa wa nne. Anafungasha virago.

Wes Welker, mpokeaji wa sloti, alilijua hilo mapema. Mwaka 2004 hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, San Diego ikamwacha, Miami ikamchukua. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo, dhidi ya New England, alipiga teke la pointi tatu, akapiga la pointi moja, akapiga la kuanzisha mchezo, na akarudisha mateke ya aina zote mbili, siku moja. Machi 2007, New England walewale wakatoa nafasi mbili za drafti ili wampate. Msimu huo wa kwanza alidaka mipira 112. (Na mkiona timu siku hizi zinawatafuta tena warudishaji wa mateke, ni kwa sababu sheria ya teke la kuanzia ilibadilishwa mwaka 2024 na watu wanarudisha mengi kuliko kabla yake.)

Kisa nilichokuja nacho hasa ni cha Giants. Wanajiita New York, lakini wanacheza hapa kwetu, East Rutherford, na mhusika wangu ni mtoto wa Paterson.

Victor Cruz alimaliza chuo cha UMass mwaka 2010, raundi saba za drafti zikapita bila jina lake kutajwa. Giants wakampa mkataba wa majaribio. Kambini watu ni wengi mno, namba za kawaida za wapokeaji haziwatoshi, akapewa jezi namba 3, ambayo wakati ule mpokeaji hangeruhusiwa kuivaa kwenye ligi yenyewe. Jezi kama hiyo ni sawa na kuambiwa usizoee mahali. Agosti 16 wakacheza mechi ya maandalizi dhidi ya Jets, timu nyingine ya New York. Cruz akadaka mipira sita, yadi 145, tachidauni tatu, yaani mara tatu aliufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa adui. Watu wakawa wanaulizana, huyo namba 3 ni nani?

Akabaki kikosini. Mnadhani ndiyo akawa wa tatu? Msimu wa 2010 alicheza mechi tatu, hakudaka hata mpira mmoja, akaumia msuli wa nyuma ya paja, msimu ukaishia hapo. Mechi za Agosti zina udanganyifu wake. Walinzi unaowachoma ni wale ambao wiki mbili baadaye watakuwa wameachwa, na kocha mpinzani anaficha mbinu zake. Mimi binafsi namba za Agosti huwa nazisoma kama ninavyosoma ahadi za kampeni.

Mwaka 2011 mambo yakavurugika. Wamiliki na wachezaji waligombana kuhusu mkataba, kambi na viwanja vikafungwa kuanzia Machi hadi Julai 25. Wachezaji hawakuruhusiwa hata kuzungumza na makocha wao. Eli Manning, kwotabeki wa Giants, akawakusanya wapokeaji wake kwenye uwanja wa shule ya sekondari Hoboken, Cruz akiwemo. Hapakuwa na kocha wala kamera za timu. Nadhani vita ya nafasi ya tatu iliamuliwa pale kuliko mahali pengine popote, kwa sababu shambulizi la Giants chini ya Kevin Gilbride, kocha wa ushambuliaji, lilijaa njia zile za kuamua ukiwa mbioni. Pale shuleni, Manning na Cruz walikuwa wakizoeana macho.

Lakini viongozi wa timu hawakuwa na imani hiyo. Steve Smith, aliyedaka mipira 107 mwaka 2009 kutokea ndani, alikuwa ameumia goti na mwezi Agosti akahamia kwa mahasimu wao, Philadelphia Eagles. Nafasi ikawa wazi. Hakeem Nicks na Mario Manningham walikuwa wa kwanza na wa pili. Wa tatu? Alikuwepo Domenik Hixon, mzoefu na hodari wa mateke. Alikuwepo Jerrel Jernigan, kijana mpya wa raundi ya tatu ya drafti. Alikuwepo Cruz. Na siku chache kabla ya ligi kuanza, wakamsajili Brandon Stokley, mwenye miaka 35. Huyu Stokley mwaka 2004 alikuwa wa tatu pale Indianapolis, nyuma ya Marvin Harrison na Reggie Wayne, na akapata yadi 1,077 na tachidauni 10. Timu ikimleta mtu kama huyo wiki ya mwisho, ujumbe kwa vijana hauhitaji kutafsiriwa.

Halafu miili ikaamua. Septemba 19, dhidi ya Rams, Hixon alidaka mpira wa tachidauni na palepale goti likamwachia, msimu ukaisha. Manningham akagongwa kichwa mechi hiyohiyo. Wiki iliyofuata walikwenda Philadelphia, na Cruz akaanza kupewa mipira kwa sababu hapakuwa na watu. Manning akamrushia mpira mfupi, akawaponyoka wakabaji na kwenda mpaka mwisho, yadi 74. Robo ya mwisho akaruka kati ya walinzi wawili, mmoja wao Nnamdi Asomugha, aliyekuwa ametoka kusajiliwa kwa donge nono, akaunyakua. Yadi 28, tachidauni ya pili. Mipira mitatu tu, yadi 110. Giants wakashinda 29 kwa 16.

Kufikia mwisho wa msimu alikuwa na yadi 1,536, rekodi ya klabu. Mkupuo mmoja nitausimulia kwa sababu ndio sloti yenyewe. Desemba 24, dhidi ya Jets walewale. Jets wanaongoza 7 kwa 3, mapumziko yanakaribia, Giants wamebanwa yadi moja kutoka mstari wao wenyewe, mkupuo wa tatu, wanahitaji yadi 10. Manning hakurusha kombora. Alirusha mpira wa kawaida wa kupata hizo yadi 10. Cruz akadaka, akajizungusha, walinzi wawili wakapishana na hewa, akaambaa na mstari wa pembeni mpaka upande wa pili. Yadi 99. Rekodi hiyo inaweza kufikiwa tu, haivunjiki, maana uwanja wenyewe ni yadi 100.

Naona mzee pale nyuma anatabasamu, alikuwepo uwanjani nini? Haya.

Basi fikirini. Cruz akishapanda, nani sasa ni wa tatu? Ni Manningham, aliyeanza mwaka akiwa wa pili. Majeraha yalimweka nje mechi kadhaa, mipira ikapungua. Tarehe 5 Februari 2012, fainali ya Super Bowl, Indianapolis, dhidi ya New England. New England wanaongoza 17 kwa 15. Zimebaki dakika 3 na sekunde 46, Giants wana mpira yadi 12 kutoka mstari wao. Kocha wa New England, Bill Belichick, alikuwa amevalishwa maikrofoni, na baadaye kila mtu alimsikia akiwaelekeza walinzi wake pembeni ya uwanja: hii bado ni mechi ya Cruz na Nicks, walazimisheni wampe Manningham.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Belichick hakukosea. Walinzi hawatoshi kumfunika kila mtu kwa wawili wawili, lazima uache mlango mmoja, na mwenye akili anaacha mlango wa mtu anayemwogopa kidogo kuliko wote. Maana yake, ukiwa kocha unayechagua mpokeaji wa tatu mwezi Agosti, unamchagua mtu ambaye adui yako ndiye atakayeamua apewe mpira, kwenye saa mbaya kuliko zote.

Manningham robo hiyohiyo alikuwa amerushiwa mpira mrefu, akajisogeza mno pembeni, akaishiwa na uwanja. Safari hii alijiachia nafasi. Manning akaurusha juu ya bega lake la nje, Patrick Chung akafika akimgonga, na Manningham akagusisha mguu wa kwanza, akagusisha wa pili, ndipo akaanguka nje na mpira mkononi. Yadi 38. Belichick akapinga, waamuzi wakatazama picha, mpira ukahesabiwa. Manning akampa tena mara mbili katika safari hiyohiyo ya kupanda uwanja. Giants 21, New England 17.

Mwezi uliofuata Manningham alihamia San Francisco. Cruz naye, Oktoba 2014, kano ya goti ilikatika palepale Philadelphia alipoanzia, akakosa msimu mzima wa 2015. Aliporudi mwaka 2016 alimkuta Sterling Shepard, kijana wa raundi ya pili, amesimama kwenye sloti, yeye akasogezwa nje. Februari 2017 wakamwachia.

Kwa hiyo mama au baba ukienda kuonana na kocha wa shule, usimuulize mwanao ni wa ngapi. Hiyo karatasi inabadilika Jumatatu. Muulize yuko kwenye vikosi gani vya mateke, kwa sababu hapo ndipo atakapovaa jezi. Muulize anajua kucheza nafasi moja tu ya wapokeaji au zote tatu, kwa sababu akiumia wa nje, kocha hatamtafuta mtu anayejua sloti peke yake. Na mwambie kijana amtafute kwotabeki baada ya mazoezi, wabaki wawili, warushiane mpaka giza. Kama gari la kumrudisha nyumbani ni tatizo, tuzungumze wazazi wa mtaa mmoja mgawane zamu. Nimeona hilo likifanyika Jersey City na linafanya kazi.

Sasa maswali. Naomba mama wa kilemba cha kijani aanze, mkono wake uko juu tangu nilipotaja mateke.