Globe ilisafishwa, wale waliolala pale wako wapi?

NJERI: Karibuni tena, leo tunashuka tao hapa Nairobi, tunaenda Globe, ile raundabauti kando ya mto Nairobi. Baraka, si wewe ulikuwa unapita pale kila asubuhi?

BARAKA: Kila siku, nikitoka Ngara. Na mtu wa Nairobi anajua, kabla ya 2020 pale ulikuwa unaficha simu kwa soksi unatembea mbio, na chini kando ya mto ndiko watu wa mitaani walikuwa wanalala, magunia, katoni, moshi wa plastiki. Halafu hiyo 2020 bustani ya pale, John Michuki Park, ikarekebishwa, miti, njia za kutembea, watu wakaanza kupigia picha mahali tulikuwa tunaogopa, na mimi nilifurahi sana.

NJERI: Hata mimi. Michuki alianza kusafisha huo mto 2008 akiwa waziri wa mazingira, akafariki 2012, pakaachwa pakarudi kuwa pa ngeta, pa kukabwa na kuibiwa. Kwa hivyo kusafisha si makosa, mimi nauliza tu wale watu walienda wapi.

BARAKA: Walisogezwa tu. Kuna mama wa chai na mandazi hapo, anawajua kwa majina. Kijana mmoja alikuwa anamwachia blanketi asubuhi anaenda kuokota chupa, jioni analichukua. Siku walifukuzwa blanketi likabaki chini ya meza, mama akalifua akalikunja akangoja, miezi, kijana hajarudi.

NJERI: Ai.

BARAKA: Na watu hawaelewi, pale walikuwa na besi, yaani kambi yao, na besi ina mkubwa wake, ukiibia mama wa chai wenzako ndio wanakushughulikia. Sasa ukiwatawanya kijana anajipata River Road ama Muthurwa, hajui mtu, hajulikani, ana njaa na chupa ya gundi, hapo usalama utatoka wapi jamani?

NJERI: Na si watu wachache. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilipata 46,639 Kenya nzima, Nairobi pekee 15,337. Na wengine wanaongezwa, 2024 baada ya mafuriko nyumba za kando ya mto Mathare na Mukuru zikabomolewa, kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000. Lipa deposti, lipa rent ya mwezi wa kwanza, hata godoro hujanunua na imeisha.

BARAKA: Lakini mwenye duka naye tusimwone mtu mbaya, amelipa leseni, anafungua asubuhi anakuta kinyesi mlangoni, kila siku, na wateja wanapita wakiziba pua. Amechoka kabisa.

NJERI: Amechoka juu hakuna choo! Huyo kijana angeenda wapi usiku? Mimi nasema ukipanga bustani, plani hiyo hiyo iwe na choo, bafu na mahali pa kulala, na viwe tayari kabla lori la kubeba watu halijakuja. Tumewahi kujaribu, 2003 serikali ilitoa vijana barabarani ikawapeleka NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa, wakafunzwa kazi, na mfuko wa kusaidia familia za mitaani ukaanzishwa mwaka huo huo. Kwa hivyo mtu asituambie haiwezekani.

BARAKA: Hapo niko na wewe.

NJERI: Na lile blanketi, mama bado analo?

BARAKA: Nilimuuliza juzi. Alipatia mtoto mwingine, miaka tisa hivi, alimkuta alfajiri amelala nyuma ya jiko kwa sababu jivu lilikuwa bado na joto.