Binta Alikuwa Rafiki wa Nani?

ZAMU: Karibuni tena. Mwenzangu leo kaingia na mfuko wa plastiki, kaveera nyeusi, kaikumbatia, na hataki kusema kuna nini. Akello, fungua basi.

AKELLO: Ngoja nipumue. Jumapili nilikwenda shuleni kumtembelea binti ya dada yangu, yule wa kidato cha pili. Si mnakumbuka nilimwazima Children of Blood and Bone?

ZAMU: Tutasahau vipi? Ulituimbia hicho kitabu muhula mzima.

AKELLO: Haya, nimerudishiwa. Hiki hapa. Na hiki hapa.

ZAMU: Yii! Viwili?

AKELLO: Ni kilekile. Kimekatwa katikati kwa wembe. Tena tazama mgongo ulivyonyooka, hakuna ukurasa hata mmoja uliochanika. Kila nusu imevalishwa karatasi ya kalenda na kushonwa kwa uzi mweusi. Hii wameiandika A, hii B.

ZAMU: Banange! Huyo fundi ni nani?

AKELLO: Mtoto wetu analala dabo deka, kitanda cha juu. Chini analala kiranja wa bweni, na ndiye anayemwandika jina kila usiku kwa kupiga kelele. Hawapatani hata kidogo. Sasa kitabu kina kurasa zaidi ya 500, wote wawili wanakitaka, na hakuna wa kumsubiri mwenzake. Kiranja akachukua A kwa cheo chake. Wetu akaanzia katikati.

ZAMU: Akaanzia katikati! Anakuta watu wanapigana, hajui wamekosana wapi.

AKELLO: Na huko ndiko kulikoanza kesi. Kiranja anasema Zélie ana roho mbaya, hamtaki Amari hata kumwona. Wetu anasema uongo, wale ni kama ndugu. Wakawa wanabishana taa zikishazimwa, mmoja juu mmoja chini, mpaka matroni akawaandika wote wawili. Kiranja kaandikwa jina!

ZAMU: Hapo urafiki umeshashika.

AKELLO: Jumapili wamekuja kwangu pamoja, wamekaa mkeka mmoja, wamemaliza kuku wangu, halafu, "Mama mdogo, mwambie huyu."

ZAMU: Kwa ambao hamjakisoma, Amari ni binti wa Mfalme Saran, kwenye nchi ya kubuni inaitwa Orïsha, ambayo nayo ina Lagos yake. Zélie mama yake alikuwa na uchawi, na akauawa kwa amri ya huyohuyo mfalme. Wanakutana sokoni. Zélie ametoka kuuza samaki, Amari anakimbizwa na askari, ana gombo la kale kaliiba ikulu. Tomi Adeyemi alikitoa 2018. Na mimi nimesoma A na B, niseme mapema.

AKELLO: Basi ndiyo nikaandaa mafunzo matano ya urafiki usiotarajiwa kati ya wasichana. Nimeyaandika hapa. La kwanza...

ZAMU: Kabla hujafika huko. Kiranja na mtoto wetu wanagombania Zélie na Amari. Mbona hakuna aliyemtaja Binta?

AKELLO: Afadhali umemtaja. Kwangu mimi, urafiki wenyewe wa kile kitabu ni Amari na Binta. Binta ni msichana wa kazi pale ikulu. Mfalme anamlazimisha alishike lile gombo, mwanga unamtoka mikononi, palepale anamchoma upanga. Amari kajificha, anaona yote. Ndipo anapoiba gombo na kutoroka. Bila Binta, Amari asingefika sokoni.

ZAMU: Kutoroka sikukatai. Ila walikuwa marafiki? Binta alikuwa kazini, dada.

AKELLO: Kwani mtu akiwa kazini hapendi?

ZAMU: Anaweza kupenda, lakini utajuaje? Humu humu Kampala, nyumba ngapi binti wa mwenye nyumba ana miaka 15 na hausigeli naye ana 15? Jioni wanaangalia pamoja filamu zilizotafsiriwa na VJ, wanacheka mpaka wanaanguka. Alfajiri mmoja anaamka kupiga pasi sare ya mwenzake. Mwambie huyo wa pasi akasirike, tuone atalala wapi.

AKELLO: Sisi kambini, baba akiwa jeshini, tulikaa na msichana mmoja wa kazi. Tulilala kitanda kimoja. Kusuka nywele kanifundisha yeye. Alipoondoka sikula.

ZAMU: Na yeye hakula?

AKELLO: Swali gani hilo?

ZAMU: Ni swali la kawaida. Amari anasimulia, Zélie anasimulia, hata Inan, kaka yake Amari, kapewa sura zake. Binta hana hata moja. Kila tunachokijua juu ya huo urafiki katuambia bosi wake.

AKELLO: Ameuawa mwanzoni kabisa! Angesimuliaje? Wewe umesoma nusu gani?

ZAMU: Kitabu cha uchawi, Akello. Mwandishi angetaka, angempa sauti.

AKELLO: Sikubali.

ZAMU: Nikupe mfano wa urafiki ninaouamini. Akata Witch ya Nnedi Okorafor, 2011. Sunny anatoka nyumba nzuri pale Aba, Nigeria. Chichi anakaa na mama yake kwenye kibanda, shule haendi. Lakini kibanda kimejaa vitabu, na mambo ya uchawi anayejua ni Chichi. Sunny ndiye anayekuja kujifunza.

AKELLO: Kwa hiyo maskini mpaka awe mchawi kwanza ndipo ahesabiwe rafiki?

ZAMU: Awe na mlango wa kumfungia mwenzake nje. Basi.

AKELLO: Basi utaupenda wa The Gilded Ones ya Namina Forna. Deka na Britta, wote damu yao ni dhahabu, wote wamechukuliwa kwenda kufundishwa vita. Sawa kwa sawa. Ni mzuri, ila haunishangazi. Mimi nautaka ule ambao ulitakiwa ushindikane.

ZAMU: Nikwambie kitu. Mama yangu alitolewa Bombo akiwa mdogo, akaletwa Kololo, kwa matajiri wa Kampala, kufanya kazi nyumba ya watu. Binti wa nyumba ile leo ni mama mtu mzima. Wakikutana mjini anamkumbatia, anawaambia watu, "Huyu ni rafiki yangu wa utotoni." Mama anacheka naye vizuri kabisa. Tukishapanda teksi ananiambia, "Hata chupi zake nilikuwa nafua mimi."

AKELLO: ... Mama ana maneno.

ZAMU: Anayo.

AKELLO: Lakini Zamu, yule mama wa Kololo hadanganyi. Kwa upande wake ni kweli.

ZAMU: Huyo kasoma nusu A.

AKELLO: Na aliyesoma A kasoma kitabu kilekile! Na Amari hakuishia kulia. Kaacha ikulu, kamgeuka baba yake, mpaka kule mwisho...

ZAMU: Usimalizie! Kiranja hajapewa B.

AKELLO: ... basi, kafanya zaidi ya watu wengi wanaojiita marafiki.

ZAMU: Kafanya baada ya Binta kufa. Akiwa hai alimfanyia nini?

AKELLO: Alimpenda.

ZAMU: Wallahi, tutalala hapa.

AKELLO: Tulale. Siondoki kwa Binta.

ZAMU: Fundi anatupungia mkono. Kwaya imefika, wanataka studio yao.

AKELLO: Na mafunzo yangu? Nimeandika mbele na nyuma ya karatasi!

ZAMU: Wasomee wiki ijayo.

AKELLO: Wiki ijayo tuna mgeni.

ZAMU: Soma moja basi, haraka.

AKELLO: La kwanza: usimhukumu...

ZAMU: Wameshaingia na ngoma. Kwaherini, wasikilizaji. Akello, inua kaveera yako, wanataka kiti.