Siku mbili Charleston: mnaouliza "sahani shilingi ngapi", nimekuja na risiti

Assalaam alaykum, habari zenu huko nyumbani. Leo mtaniona hivi hivi nilivyo, sijapaka kitu usoni. Nimetoka zamu ya usiku, na nikijaribu kulala kwanza najijua, hii video haitoki tena.

Jamani, niliweka picha tatu. Tatu tu! Sahani ya kamba, mimi nimesimama pembeni ya maji, na shoga yangu wa Mombasa anapambana na kichwa cha samaki. Kesho yake nafungua simu, swali ni lile lile: "Dada, hiyo sahani shilingi ngapi?" Mwingine: "Wenzetu mnakula, sisi tunatazama." Na ndugu yangu mmoja, wa damu kabisa, sitamtaja, akaandika kwenye kundi la kamati ya harusi, siyo kwangu, kwenye kundi: "Kumbe watu hela wanazo, mchango tu ndio mzito." Nimetoa elfu hamsini kwenye hiyo harusi. Najua wapo waliotoa laki tatu, Mwenyezi Mungu awazidishie. Lakini unipigie hesabu ya mchango kwa kamba wangu?

Mimi hapa nikionyesha chakula, najishaua. Nikisema ni ghali, nalialia. Nikinyamaza, nimewasahau. Basi nimekuja na risiti.

Kwanza mjue, hiyo safari ni ya siku mbili na usiku mmoja, na ndiyo likizo yangu ya mwaka huu. Naishi Charlotte, North Carolina, hapa Marekani. Charleston iko South Carolina, pwani, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari. Ni mji wa bandari wa zamani, nyumba nyingi zina baraza ndefu za ubavuni, unaingilia barazani kabla ya nyumba. Mtu wa Tanga ukiona zile baraza, moyo unatulia.

Haya, bili. Nimeikunja nikaiweka ndani ya pasipoti isipotee. Kamba na grits, hizo nitawaeleza, dola 29. Samaki mzima wa kukaanga, dola 34. Chai baridi za sukari, vikombe viwili, dola 4 kila kimoja, ingawa hiyo wanakuongezea bure mpaka mwenyewe uombe msamaha. Jumla, 71. Mtu akiwa ameangalia menyu tu, hapo ndipo anapofunga hesabu. Subiri. Chini yake kuna kodi. Charleston chakula cha mgahawani kinakatwa kodi ya mauzo halafu kodi nyingine ya mji, zote pamoja asilimia 11. Dola 7 na senti 81. Halafu tipu, yaani bakshishi ya mhudumu, tukaweka asilimia 20, dola 14 na senti 20. Jumla ya jumla, dola 93 na senti 1. Tupige kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi: laki mbili, thelathini na mbili elfu na ushee. Watu wawili. Paking dola 16 sijaitia, na gari halikula kitu.

Sasa kabla hujaanguka, usiipige kwa shilingi ukaishia hapo. Mimi silipwi kwa shilingi wala silipi kodi ya nyumba kwa shilingi. Ila nakubali, hata kwa dola ni nyingi. Kwangu mimi ule mlo ni zamu nzima ya usiku ikishakatwa makato yake, labda na chenji kidogo. Ndiyo maana ni mara moja.

Tipu nayo. "Dada, ni lazima?" Kisheria hapana. Lakini sheria ya Marekani inamruhusu mwenye mgahawa kumlipa mhudumu anayepokea tipu dola 2 na senti 13 kwa saa, na hicho kiwango hakijaguswa tangu 1991. South Carolina haina kima chake cha chini, inafuata hicho hicho. Tipu zisipotosha, mwajiri anatakiwa ajazie mpaka dola 7 na senti 25. Anatakiwa. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, najua kusimama usiku kucha ukisubiri mtu akuone kama binadamu, kwa hiyo natoa. Wewe ukija utatoa unavyojisikia, mimi sikufundishi.

Na grits? Mahindi yaliyosagwa chenga chenga, yakapikwa na siagi na maziwa mpaka yakakaa katikati ya uji na ugali. Ukimpa bibi yangu atauliza nani aliitwa mlangoni kabla hajamaliza kusonga. Lakini tamu, nisiseme uongo. Kamba wanawekwa juu na mchuzi wao, na kwa kawaida kunakuwa na vipande vya nguruwe humo. Mimi niliomba bila.

Hapo kwenye nguruwe tukae kidogo, maana hili hakuna aliyeniambia. Kule Kusini mwa Marekani nguruwe hayuko kwenye nyama tu. Yuko kwenye mboga. Zile mboga zao za majani mapana, sukuma wiki mtupu, zinachemshwa saa nzima na mguu wa nguruwe wa kukausha kwa moshi. Maharage hivyo hivyo. Wali mwekundu, ule wa nyanya, mara nyingi una soseji au mafuta yake. Siku ya pili mchana tumeingia mahali, jina nalihifadhi, nikamuuliza mhudumu kwa adabu zote: hizi mboga zina nyama? Akasema hapana mpenzi, ni mboga tu. Zikaja, zinanukia, nimeshasema bismillah. Kijiko cha kwanza kinainuka na kipande cha ngozi, kinateleza, kina nywele moja. Nikamwita. Akakitazama, akanijibu kwa upole kabisa: "Ah, hiyo siyo nyama, ni ya kukolezea tu."

Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Kwake nyama ni kile kinachokaa katikati ya sahani. Ila mboga zile dola 6 zilibaki kwenye bili, mpaka shoga yangu wa Mombasa akasimama. Nyinyi hamumjui yule. Zikafutwa.

Kwa hiyo kama dini yako ni kama yangu usiulize "kuna nyama?" Litaje lenyewe, nguruwe, utaje na mafuta yake. Na supu ya kaa, maarufu sana pale, ya kaa jike na mayai yake, wanaitia mvinyo. Sikuionja. Mwingine atakwambia pombe imeshachemka imekwisha, huyo na dini yake. Mimi nasema yangu.

Sasa mnaosema "mbona hata gari hukuendesha, si ulituonyesha gari?" Sawa, tuongee. Leseni yangu imeisha muda. Huku leseni ya mgeni inafuata tarehe za karatasi zako. Kibali cha kazi kikifika mwisho, na leseni imefika. Niliomba kuhuisha mapema, nikalipa, nikapewa barua kwamba maombi yamepokelewa. Nikaenda na barua ofisi ya leseni, wakaniambia mfumo bado haujanithibitisha, rudi. Nikarudi. Rudi. Siku mbili bila malipo kazini zimeondokea kwenye viti vya plastiki, na gari limekaa nje ya nyumba nalipia bima.

Ndiyo maana hotelini walipotaka kitambulisho nikatoa pasipoti ya Tanzania. Kijana wa mapokezi akaifunua ukurasa kwa ukurasa kama anatafuta picha za wanyama. Akaingia ndani nayo, akatoka na mkubwa wake. Mwisho wakakubali, halafu wakashika dola 100 kwenye kadi yangu. Sikilizeni, hii ndiyo hela iliyovuruga ulaji wangu. Hawakuichukua, wanaishika kama amana, usipovunja kitu wanaiachia baada ya siku kadhaa. Mwenye kadi ya mkopo haoni shida, hela yake haiguswi. Mimi yangu ni kadi ya benki ya kawaida, historia ya mkopo bado naijenga, kwa hiyo ile ni hela yangu halisi. Bajeti yangu ya chakula ikafungiwa ndani, naiona kwenye simu na siwezi kuila.

Kwa hiyo ile bili ya 93? Alilipa shoga yangu. Akasema, "Usijali, mpenzi, utanirudishia." Tumo njiani kurudi, hatujafika hata Columbia, kashanikumbusha mara mbili.

Nilitaka twende Bertha's Kitchen, iko North Charleston, ya akina mama weusi, walipewa tuzo ya James Beard, ile kubwa ya migahawa huku, mwaka 2017. Chakula cha kupakuliwa, si cha kupambwa. Hatukufika. Dereva alikuwa amechoka na mimi leseni sina, ungesema nini?

Badala yake tukaenda City Market kwa miguu. Pale wanakaa akina mama wa Kigullah, uzao wa Waafrika waliofanywa watumwa pwani ile, wanatengeneza vikapu. Si kusuka ukili kama sisi. Wanazungusha majani mkononi, mduara juu ya mduara, wanatoboa kwa mpini wa kijiko ulionolewa na kushonea. Bei sikuthubutu kuipiga kwa shilingi. Nikakaa na mama mmoja, nikamwambia sinunui, akacheka, tukaongea chakula. Wali wa kunde kwao ni chakula cha mwaka mpya. Wali wa bamia wanao. Nikamwambia hivyo vyote nimevikulia Ngamiani, kwetu Tanga, akanitazama kama namdanganya.

Mpunga ndio ulioutajirisha ule mji, na waliouotesha walikuwa watumwa, wengi wameletwa kutoka upande wa Senegal mpaka Sierra Leone wakiwa wanaujua mpunga tangu kwao. Wengine walitoka Kongo na Angola. Gati walikoshushiwa, Gadsden's Wharf, pana makumbusho yaliyofunguliwa 2023. Niliposimama kwenye ile picha mliyosema napozi, ndipo hapo. Sikuwa napozi. Neno gumbo mnalolisikia kwenye supu zao, asili yake ni bamia kwa lugha za Angola. Wabantu wenzetu. Sahani ya wali na kunde mgahawani, ya pembeni tu, dola 7. Nikala, na nikauliza nguruwe kwa jina lake.

Sasa mkiniuliza kitu gani nilikila nikasema hiki kimenilipa, hakina picha. Tumeshatoka mjini, pembeni ya barabara kuna kibanda, kibao cha kuandikwa kwa mkono, sufuria kubwa inatoa moshi. Karanga za kuchemsha! Wallahi nikapiga kelele shoga akadhani tumegonga mtu. South Carolina wamezitangaza rasmi kuwa kitafunwa cha jimbo, tangu 2006. Zile zile za stendi ya Segera, na maganda yake, zina chumvi na bado za moto. Ukibana ganda, maji yanakurukia shingoni. Dola 5 kopo zima, hakuna tipu wala risiti.

Tukala garini maganda yamejaa mapajani. Yeye anaziita njugu, mimi namwambia njugu ni kitu kingine kabisa, hizi ni karanga, kabishana nami maili arobaini. Nikamwambia basi tuachie Wakongo, wao wanasema nguba, na wazee wa Kusini huku bado wanaziita goober, wamelichukua huko huko. Akanyamaza. Nikajua nimeshinda.

Akafuta mikono kwenye shela yangu, akasema, "Haya, na ile hela yangu?"