Dubai kwa Hesabu: Mshahara, Kitanda na Kinachobaki

Assalamu alaykum. Shikamooni wazee, na habari za mchana kwenu vijana.

Nimeambiwa wengi wenu humu ukumbini mna barua ya kazi ya Dubai tayari, kwenye bahasha au kwenye simu. Itoeni. Tutaanza na mstari wa mshahara, ndipo twende kwenye nyumba na sokoni, kwa sababu mstari ule ukiusoma vibaya, hata ubane matumizi namna gani hesabu haitakaa.

Jambo la sarafu kwanza. Dirham, sarafu ya Emirates, imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja kwa dirham 3.6725. Kwa hiyo dirham 1,000 ni dola 272 na ushei, mwaka huu na mwaka jana. Shilingi yetu ikiteleza mbele ya dola, inateleza vilevile mbele ya dirham. Barua yako igeuze kuwa dola, usiigeuze kuwa shilingi. Dirham 2,500 ukiiweka kwenye shilingi za Kitanzania inavuka milioni moja na nusu, na mtu anaanza kuhesabu matofali kabla hajapanda ndege.

Sasa tazameni barua. Mshahara wa 2,500 hauandikwi mkupuo mmoja. Utakuta mshahara wa msingi, kisha posho ya nyumba, posho ya usafiri, na kitu kinaitwa "nyinginezo". Waajiri wengi hupenda msingi uwe mdogo na posho ziwe nono, kwa sababu haki zako kadhaa za fedha zinapigiwa hesabu kwenye msingi peke yake. Chukua kiinua mgongo. Sheria ya kazi, ile ya mwaka 2021, inakupa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, ilimradi umetimiza mwaka mmoja kazini. Msingi ukiwa 1,500, siku moja ni dirham 50, siku 21 ni 1,050. Msingi ukiwa 800, mwaka huohuo unakupa 560 tu. Kwa miaka mitano ni 5,250 dhidi ya 2,800, na wote wawili mlikuwa mnapokea 2,500 kila mwezi. Saa za ziada nazo ni hivyohivyo: nyongeza ya asilimia 25, au asilimia 50 kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, na kipimo ni msingi. Bima ya kukosa kazi, iliyoanza Januari 2023, inalipa asilimia 60 ya msingi kwa miezi isiyozidi mitatu, ukishachangia miezi 12 mfululizo. Mchango wake ni dirham 5 kwa mwezi kwa mwenye msingi usiozidi 16,000. Ni ya lazima, na asiyejiandikisha anapigwa faini ya dirham 400. Watu wengi wameijua faini kabla ya kuijua bima.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kujadiliana, usiombe 100 zaidi kwenye jumla. Omba 300 zihamishwe kutoka "nyinginezo" ziende kwenye msingi. Mwajiri mara nyingi hukubali, kwa kuwa mwezi huu hazimgharimu kitu. Wala usidhani kuna kima cha chini kitakachokuokoa: kwa mfanyakazi mgeni wa sekta binafsi hakuna kima cha chini cha jumla. Kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Na viza. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kukutoza gharama za kukuajiri, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma wa kukata mshahara. Bima ya afya kwa Dubai nayo ni juu yake. Anayekuuzia ile "azad visa", eti ukifika utajitafutia, anakuuzia ukaazi kwa mwajiri ambaye humfanyii kazi. Ukikamatwa kwingine kazini, nawe ni mkosaji. Anayekwenda kwa viza ya matembezi akitegemea kupata kazi ajue kwamba siku za viza zikiisha ni dirham 50 kwa kila siku ya kuzidisha, na siku hazilali. Kabla ya hayo yote, hakikisheni wakala yumo kwenye orodha: Tanzania ulizeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, Kenya ulizeni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Sasa hesabu niliyotaka mwondoke nayo. Mtu wa kwanza anapata 2,500, anajitegemea kila kitu. Kitanda, chumba cha watu kadhaa maeneo ya Deira au Satwa, tuseme 800 pamoja na umeme na intaneti. Chakula 600. Nauli 230. Simu 100. Sabuni, kinyozi, nguo na vidogovidogo 120. Jumla 1,850, kinabaki 650, yaani dola 177. Mtu wa pili anapata 1,500, lakini kampuni inampa kitanda na basi la kazini. Chakula, simu na vidogovidogo ni 820. Kinabaki 680. Huyu wa 1,500 anatuma nyumbani zaidi ya yule wa 2,500! Ila kumbukeni kitanda cha kampuni kina masharti yake: kambi nyingi ziko Muhaisnah, ambako watu wanakuita Sonapur, au Al Quoz na Jebel Ali, mbali na kila kitu, na ukiacha kazi umeacha na kitanda. Wadada na wakaka wa kazi za ndani wana sheria yao ya peke yake, ambamo malazi na chakula ni juu ya mwenye nyumba, kwa hiyo hesabu hii siyo yao.

Kitanda nataka tukae nacho kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi za wageni wapya zinapopotelea. Aina ni tatu. Kuna kitanda ndani ya chumba cha pamoja. Kuna patisheni, yaani sebule iliyokatwa vipande kwa jipsam au plaiwudi, kila kipande na mlango wake. Na kuna chumba kizima ndani ya nyumba ya mtu. Patisheni inavutia kwa sababu unafunga mlango wako, lakini zile zisizo na kibali zimekatazwa kwa hatari ya moto. Katikati ya 2025 manispaa ilipita Al Rigga, Al Muraqqabat, Satwa, Al Barsha na Al Raffa kuzibomoa. Watu walijikuta nje na masanduku, na dhamana waliyomlipa mpangaji mkuu ilikuwa imekwenda na mpangaji mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata dirham moja, muulize anayekukodisha: mkataba wa nyumba hii uko kwa jina la nani? Akuonyeshe Ejari, ule usajili wa mkataba wa pango. Jina la kwenye Ejari lifanane na la kitambulisho chake. Kama yeye ni mpangaji, anahitaji idhini ya maandishi ya mwenye nyumba ili akupangishe wewe. Kisha mwombe akuandikishe kama mkaaji mwenza kwenye programu ya Dubai REST. Kwa anayekodisha kihalali, kumwandikisha mtu ni kazi ya dakika chache. Anayekuambia "usijali, hapa hawakagui" umeshamjua. Lipa benki, au ukilipa taslimu chukua risiti yenye namba ya nyumba, mwezi na kiasi cha dhamana. Piga picha godoro na kuta siku unayoingia.

Anayetaka nyumba yake mwenyewe, hesabu inabadilika sura. Pango la Dubai ni la mwaka, na desturi ni kulipa kwa hundi za tarehe za mbele: moja, mbili, nne, wakati mwingine zaidi. Hundi chache, bei inashuka kidogo. Lakini hundi zinataka akaunti ya benki, akaunti inataka kitambulisho cha Emirates, na kitambulisho kinataka viza ya ukaazi iliyokamilika. Ndiyo maana wiki za mwanzo huwezi kusaini nyumba hata kama pesa unazo. Panga mahali pa muda.

Chukua studio ya 48,000 kwa mwaka, isiyo na samani, kwa hundi nne. Hundi ya kwanza ni 12,000. Dhamana ya asilimia 5 ni 2,400; ingekuwa na samani ungeombwa asilimia 10. Dalali naye kwa kawaida ni asilimia 5, 2,400, na juu yake VAT ya asilimia 5, yaani 120. DEWA, shirika la umeme na maji, linashika amana ya 2,000 kwa ghorofa na 4,000 kwa nyumba ya kujitegemea. Ongeza Ejari na ada ya kuunganishiwa umeme, mia tatu na kitu. Umeshafika kama 19,300 na hujanunua jiko. "Isiyo na samani" mara nyingi maana yake hata friji hakuna.

Bili ya kwanza ya DEWA ikija, watu hushtuka. Ndani yake mna ada ya makazi ya manispaa, asilimia 5 ya pango la mwaka, imegawanywa kwa miezi 12. Kwa studio yetu ni 200 kila mwezi kabla hujawasha taa. Umeme wenyewe unauzwa kwa ngazi, kuanzia fils 23 (fils 100 ni dirham moja) kwa uniti mpaka uniti 2,000, kisha bei inapanda, na juu yake kuna nyongeza ya mafuta na VAT. Kiyoyozi kimoja cha chumba kinachokula wastani wa uniti 20 kwa siku kinakupa uniti 600 kwa mwezi, dirham 138 kabla ya nyongeza. Kuanzia Juni mpaka Septemba hakizimwi. Ulizeni pia kama ubaridi wa jengo unatoka kwenye mtambo wa pamoja. Ukiwa wa pamoja, una akaunti yake na ada ya kila mwezi hata ukisafiri, isipokuwa tangazo liseme "chiller free", maana yake mwenye nyumba ndiye anayelipia. Hilo liingie kwenye mkataba, tangazo halishtakiki.

Mwaka ukiisha, kuna kupandishiwa kodi. Kanuni ni ya 2013 na ni ya hesabu tupu. Pango lako likiwa chini ya wastani wa nyumba zinazofanana nayo kwa asilimia 10 au pungufu, halipandi. Likiwa chini kwa asilimia 11 hadi 20, linaweza kupanda asilimia 5. 21 hadi 30, asilimia 10. 31 hadi 40, asilimia 15. Zaidi ya 40, asilimia 20, na hapo ndipo kikomo. Wastani unautazama kwenye kielezo cha Idara ya Ardhi ya Dubai. Taarifa ya mabadiliko ije siku 90 kabla ya mkataba kuisha. Kukutoa kwa sababu anauza au anaingia mwenyewe kunahitaji notisi ya miezi 12 kupitia mthibitishaji wa serikali au barua ya rejista. Ujumbe wa WhatsApp wa wiki tatu kabla si notisi. Jibu kwa adabu na namba ya kielezo.

Usafiri. Kadi ya Nol ya rangi ya fedha (Silver), ya kulipia metro na basi, inatoza dirham 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili zinazopakana, 7.50 ukizidi hapo. Pasi za mwezi ni 140, 230 na 350 kwa mpangilio huohuo. Mtu wa siku 26 kazini, kwenda na kurudi kwa kanda mbili, angelipa 260 bila pasi. Anayelala Deira na kufanya kazi karibu na Mall of the Emirates anahesabika kwenye 350, kwa hiyo kitanda cha Deira chenye nafuu ya 100 hakina nafuu yoyote akilinganisha na cha kule kazini chenye pasi ya 140. Kwenye basi gusa kadi ukipanda na ukishuka. Ukisahau kugusa unaposhuka unatozwa nauli ya juu. Sharjah ni rahisi kwa pango, lakini metro haifiki, na foleni ya asubuhi inakula usingizi wako.

Chakula nitapita haraka. Ukipika, 600 inatosha. Ukila nje kila siku haitoshi. Samaki wako Waterfront Market, Deira, mboga za jumla Al Aweer. Soda zenye sukari nyingi zina kodi yake ya ziada, vinywaji vya kuongeza nguvu vinatozwa asilimia 100. Ukiviacha hivyo, pochi itajua.

Wenye familia: kumdhamini mke au mtoto kunataka mshahara wa 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Hicho ni kizingiti cha viza. Kuishi nao ni hesabu nyingine kabisa. Ada iliyoidhinishwa ya kila shule iko wazi kwa KHDA, mamlaka ya elimu ya Dubai. Tazama na basi la shule, halimo ndani ya ada.

Kutuma pesa nyumbani, usiulize ada peke yake. Uliza: nikitoa dirham 1,000 sasa hivi, mama atapokea shilingi ngapi? Duka lenye ada ndogo linaweza kukukata asilimia moja na nusu kwenye kiwango, dirham 15, na risiti haitakuonyesha.

Na siku ya kuondoka. Malipo yako yote yanatakiwa ndani ya siku 14 baada ya mkataba kuisha. Usitie saini karatasi inayosema umepokea kabla hujapokea. Funga DEWA, lipa bili ya mwisho, omba amana, futa Ejari. Fanyeni haya viza ikiwa hai, kwa sababu laini ya simu imefungwa na kitambulisho chako, ikikatwa, msimbo wa kuthibitisha nao haufiki, na zile 2,000 za DEWA utazifuatilia ukiwa Tanga.