Kjartan: Jina Lililovuka Bahari na Suria

MWANAISHA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena kwenye kipindi chetu cha majina. Mimi ni Mwanaisha, niko na Kaka Salim, na leo tunakwenda kaskazini kabisa, Iceland.

SALIM: Shikamoo dada. Na jina la leo nimelitazama tangu jana jioni: K, J, A, R, T, A, N. Tuanzie hapo hapo, linatamkwaje?

MWANAISHA: Marahaba. Iceland wanatamka karibu na "Kyartan", mkazo kwenye silabi ya kwanza. Norwe ile "Kj" huwa laini, inakaa kati ya "sh" na "h". Ni jina la kiume, na ukimuuliza mtu yeyote wa huko atakwambia ni jina la Waskandinavia wa kale, limo kwenye masimulizi yao makubwa.

SALIM: Lakini wewe uliniambia mizizi yake si ya huko.

MWANAISHA: Mizizi yake ni Ireland. Lilitokana na jina la Kiairishi la zamani, Muirchertach. "Muir" ni bahari, na jina zima linamsifu mtu kuwa hodari wa mambo ya bahari, nahodha. Waskandinavia wakalitamka Mýrkjartan. Kisha kipande cha mbele kikaanguka, ikabaki Kjartan.

SALIM: Kwa hiyo bahari yenyewe ndiyo iliyoanguka.

MWANAISHA: Ndiyo. Na namna lilivyofika Iceland ndiyo iliyonifanya nilichague. Limehifadhiwa kwenye Laxdæla saga, simulizi iliyoandikwa Iceland katikati ya karne ya 13, mwandishi wake hajulikani. Inasimulia mambo ya karne ya 10 na mwanzo wa ile ya 11.

SALIM: Haya, tupe.

MWANAISHA: Kuna bwana mmoja mwenye mashamba magharibi ya Iceland, Höskuldur. Anasafiri Norwe kutafuta mbao za kujengea, maana Iceland miti ni shida. Akiwa huko anapita kwenye visiwa vya Brännö, karibu na mji ambao leo ni Gothenburg, Uswidi. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa wafalme pale, na gulio. Anaingia kwenye hema la mfanyabiashara anayeitwa Gilli. Gilli anavuta pazia, nyuma yake wamekaa wanawake 12.

SALIM: Wa kuuzwa.

MWANAISHA: Wa kuuzwa. Bei ya kila mmoja ni mark moja ya fedha, mark ni kipimo cha uzito cha zamani. Höskuldur anamwona mmoja amekaa pembeni kabisa, kavaa vibaya, lakini mzuri. Anauliza, huyu je? Gilli anasema huyu mark 3. Tena anamwambia kabisa kasoro yake: ni bubu, nimejaribu kila njia kumsemesha, hasemi. Höskuldur anatoa mfuko wake, fedha inapimwa kwenye mizani, zinatoka mark 3 barabara.

SALIM: Bei ya watatu kwa asiyesema neno.

MWANAISHA: Anakwenda naye Iceland. Nyumbani ana mke, Jórunn. Huyu mwanamke anakuwa suria wa bwana, anazaa mtoto wa kiume, anaitwa Ólafur. Mtoto ana miaka miwili, anatembea, anasema vizuri. Asubuhi moja Höskuldur ametoka kutazama shamba lake, anasikia sauti za watu wawili. Anafuata sauti mpaka chini ya mteremko penye kijito. Ni yule mama na mwanawe, wanazungumza. Mama anasema maneno mengi.

SALIM: Subhanallah! Miaka yote hiyo!

MWANAISHA: Ndipo anajitaja. Jina langu ni Melkorka, baba yangu ni Mýrkjartan, mfalme wa Ireland, nilitekwa nikiwa na miaka 15.

SALIM: Hapo lazima tusimame kidogo, dada. Sisi watu wa pwani neno "suria" hatulisikii kama hadithi ya mbali. Watoto wa Sayyid Said wa Unguja walizaliwa na masuria, wengine wametoka Uhabeshi, wengine Wacherkesi wa Kaukasi. Mtoto anabeba nasaba ya baba, upande wa mama hautajwi. Nikisikia Melkorka alikaa kimya, mimi naona mtu aliyekataa kuwapa waliomnunua kitu cha mwisho alichobaki nacho.

MWANAISHA: Na alichobaki nacho ni lugha na jina la babake. Alimsemesha mwanawe Kiairishi tangu mchanga. Sasa, mke wa nyumbani hakupendezwa na habari hizi. Jioni moja Melkorka anamvua Jórunn soksi na viatu, Jórunn anazichukua soksi anampiga nazo kichwani. Melkorka anamrudishia ngumi ya pua, damu inatoka. Höskuldur anawatenganisha, Melkorka anapewa shamba lake mwenyewe juu bondeni. Simulizi inasema shamba hilo likaitwa kwa jina lake, Melkorkustaðir.

SALIM: Angalau.

MWANAISHA: Ólafur akishakuwa kijana, mama anamtuma Ireland. Anampa pete ya dhahabu. Pete hiyo alipewa na babake kama zawadi ya jino la kwanza, ilikuwa desturi yao, mtoto akiota jino anapewa kitu. Jahazi la Ólafur linakwama ufukweni Ireland, wenyeji wanamjia na silaha, wanataka mali. Ólafur anawajibu kwa Kiairishi. Mfalme anakuja, anaiona pete, uso unamwiva. Anasema pete naitambua. Akataka hata kumrithisha ufalme, Ólafur akakataa, akasema una wanao, nisije nikaleta ugomvi.

SALIM: Na Kjartan mwenyewe?

MWANAISHA: Ni mtoto wa huyu Ólafur. Simulizi inasema waziwazi: Ólafur alimpa mwanawe jina la babu mzaa mama, Mýrkjartan. Kama tufanyavyo hapa, mtoto anapewa jina la babu. Tofauti ni kwamba Ólafur alikuwa na baba tajiri mwenye jina kubwa, akachagua ukoo wa mama aliyenunuliwa.

SALIM: Hiyo ndiyo sehemu iliyonigusa. Alitaka kila atakayemwita mtoto amtaje na yule mfalme. Utumwa ulitaka kumfuta Melkorka, mwana akamrudisha.

MWANAISHA: Wanahistoria wengi humhusisha Mýrkjartan na Muirchertach mac Néill, mtawala wa kaskazini ya Ireland aliyeuawa vitani na Waviking mwaka 943. Mimi simulizi siichukulii kama hati ya mahakama, iliandikwa baada ya miaka zaidi ya 200. Lakini damu imetoa ushahidi. Uchunguzi wa vinasaba vya watu wa Iceland umeonyesha kuwa upande wa kiume, takriban robo tatu ya asili yao inatoka Skandinavia. Upande wa kike, zaidi ya nusu inatoka Ireland na Scotland.

SALIM: Zaidi ya nusu! Basi Melkorka hakuwa peke yake.

MWANAISHA: Si wote waliletwa kwa nguvu, wengine waliolewa na walowezi waliokuwa wakikaa visiwa vya Scotland. Lakini watumwa walikuwa wengi. Majina nayo yanasema. Njáll ni Niall wa Kiairishi. Kormákur ni Cormac. Brjánn ni Brian. Yote yanahesabika leo kuwa majina ya Iceland.

SALIM: Na Magnus je? Nalo si la kwao.

MWANAISHA: Magnus ni Kilatini. Mtoto wa mfalme Olav wa Norwe alizaliwa usiku, mama yake Alfhild alikuwa kijakazi wa mfalme. Mtoto alikuwa dhaifu, wakaogopa atakufa kabla ya kubatizwa, na hakuna aliyethubutu kumwamsha mfalme. Mshairi wake, Sigvat, akampa jina mwenyewe. Asubuhi mfalme amekasirika, hili jina si la ukoo wetu! Sigvat akamwambia nimempa jina la Karolus Magnus, yule mfalme mkuu wa Wafranki, mtu bora kuliko wote ninaowajua duniani.

SALIM: Mwana wa kijakazi tena. Tuendelee na Kjartan, alikuwa mtu gani?

MWANAISHA: Mzuri, hodari, muogeleaji. Akiwa Trondheim anaingia mtoni kushindana na mtu asiyemjua, wanazamishana mara tatu, mwisho anagundua ni mfalme Olaf Tryggvason wa Norwe, si yule baba wa Magnus. Mfalme anamvika joho lake. Kisha yanakuja mapenzi yake na Guðrún, msichana aliyeombwa amngoje, naye hakuahidi. Mfalme anamzuia Kjartan Norwe, rafiki yake wa kulelewa pamoja, Bolli, anatangulia nyumbani, anamwoa Guðrún yeye. Uhasama unakua mpaka Kjartan anaviziwa bondeni. Anapigana na wote, ila Bolli anapomjia na upanga, Kjartan anatupa silaha chini. Hataki kumuua ndugu yake wa kulelewa. Bolli anampiga, kisha anampakata mpaka roho inatoka.

SALIM: Ndiyo maana jina lilidumu.

MWANAISHA: Nadhani. Pale Borg, anakosemekana kuzikwa, watu walilionyesha jiwe moja kama kaburi lake kwa muda mrefu, ingawa maandishi ya runi, herufi za kale za Waskandinavia, juu yake yanamtaja mtu mwingine wa baadaye.

SALIM: Tuje kwenye umaarufu. Leo linatumika?

MWANAISHA: Iceland lipo na linaendelea kupewa watoto, lakini halikuwahi kushindana na Jón, Sigurður au Guðmundur. Visiwa vya Faroe lipo. Norwe lilipata nguvu wakati watu walipogeukia majina ya masimulizi ya kale. Norwe ilikuwa chini ya Denmark mpaka 1814, kisha kwenye muungano na Uswidi mpaka 1905. Walipopata mfalme wao, yule mwanamfalme wa Denmark aliyeitwa Carl akajiita Haakon, na mwanawe Alexander akawa Olav. Jina la kale likawa fahari. Kjartan likapanda na wimbi hilo, ila bila kuwa jina la kila nyumba. Norwe kuna mwandishi Kjartan Fløgstad, aliyezaliwa 1944, na mwaka 1978 alipata tuzo ya fasihi ya Baraza la Nordiki. Iceland kuna mwanamuziki Kjartan Sveinsson wa bendi ya Sigur Rós.

SALIM: Sveinsson ni jina la ukoo?

MWANAISHA: Ni "bin Svein". Watu wengi wa Iceland hawana jina la ukoo. Mwana wa Kjartan ni Kjartansson, binti ni Kjartansdóttir. Hata rais wanamwita kwa jina lake la kwanza. Na serikali ina kamati ya majina tangu 1991: jina jipya likitaka kuingia kwenye rejista, moja ya masharti ni liweze kubeba viambishi vya lugha yao, au liwe na mazoea ya kutumika nchini. Kjartan halina shida hapo, lina mazoea ya miaka 1,000.

SALIM: Na Ireland kwenyewe, wangali wanawapa watoto Muirchertach?

MWANAISHA: Ni nadra sana. Limebaki zaidi kwenye majina ya ukoo, na limebadilika sura: Moriarty, Murtagh. Mtu anayeitwa Moriarty na kijana anayeitwa Kjartan kule Reykjavík wanaweza kukaa meza moja wasijue kuwa jina lao ni moja.

SALIM: Mtu awaambie! Haya wasikilizaji, wiki ijayo tutakuwa na Guðrún, na mimi tayari nina ugomvi naye.

MWANAISHA: Kaka Salim, mngoje kwanza ajieleze. Alasiri njema.